Pula ya Ndani, Joto na Toki Ndogo: Zana za Kubadilishia Beringi za Kamshafti Nyumbani

Seti ya pula ya ndani, zana ya kuvutia beringi kutoka ndani ya tundu, ile inayouzwa katika sanduku jekundu la plastiki pamoja na nyundo yake ya kuteleza, sasa inapatikana kwa urahisi katika maduka ya zana ya katikati ya jiji la Mwanza, na wenye pikipiki wanaojifanyia matengenezo wanaulizana kama inastahili bei yake. Nimeitumia kutoa beringi za kamshafti (shafti yenye kamu zinazofungua valvu) kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ya cc 150, na kwa maoni yangu inastahili, ilimradi injini yako iwe ya aina inayoihitaji na usiitarajie ifanye kazi ambayo kwa haki ni ya joto.

Hilo la aina ya injini litangulie, kwa sababu wapo wanaonunua kwanza na kufungua baadaye. Injini za Boxer 150 na TVS HLX zimebeba kamshafti juu, ndani ya hedi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG, kinyume chake, zina kamu chini, na valvu zake husukumwa kwa fimbo; mwenye pikipiki ya namna hiyo hana beringi ya kutafuta kwenye hedi. Zipo pia injini ambazo kamshafti huzunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu, na zikilika hapo dawa si pula bali hedi nyingine au fundi wa kuchonga. Hata palipo na beringi, angalia zimekaa wapi: zikitoka pamoja na shafti, unahitaji pula ya nje au presi, lakini zikibaki ndani ya tundu lisilo na upenyo upande wa pili, hakuna pa kuzigongea kwa nyuma, na hapo ndipo pula ya ndani inapokuwa ya lazima.

Seti niliyoitumia ina vichwa vya kupanuka kuanzia milimita 8 hadi 32. Kichwa huingizwa katikati ya beringi, boliti yake ikikazwa midomo hutanuka na kushika kwa nyuma ya ringi ya ndani, kisha uzito wa nyundo huvutwa kwa kishindo kuelekea kwako. Ubora wote wa seti umo katika ile midomo. Dukani, omba ufunguliwe sanduku, toa kichwa unachokihitaji na upitishe ukucha kwenye ukingo wake: ukingo mzuri ni mwembamba, una kona kali na unakwama kwenye ukucha, ilhali ule uliosagwa kwa uvivu una kona ya mviringo ambayo itateleza beringi ikiwa bado imeshika. Tanua kichwa kwa mkono pia, uone kama midomo inafunguka sawa pande zote. Katika seti yangu vichwa vikubwa vilikuwa vizuri, lakini kile kidogo kabisa kilikuwa laini kiasi cha kujikunja mdomo kwenye jaribio la kwanza. Muuzaji hakukubali kukibadilisha, na kwa bei ile sikushangaa sana.

Hata pula bora haipaswi kuvuta beringi kutoka kwenye hedi baridi. Aluminiamu hupanuka karibu mara 2 ya chuma: tundu la milimita 35 likipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 110 huongezeka karibu milimita 0.06, na beringi iliyomo karibu 0.03 tu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoachia mkamato. Kwa hiyo zana ya pili muhimu ni oveni. Jiko la mkaa halifai, kwa sababu hupasha upande mmoja na linaweza kupinda uso wa gasketi. Osha hedi kabisa kabla ya kuiweka ndani, la sivyo harufu ya oili iliyoungua itakaa katika chakula cha nyumba nzima na utapigwa marufuku jikoni. Ikifikia joto, tone la maji likidondoshewa juu yake huchemka na kuruka papo hapo. Vaa glovu za ngozi, vuta beringi, na mara nyingi vishindo vichache vinatosha.

Kurudisha beringi mpya kunahitaji zana rahisi zaidi, na hapa sishauri kununua seti ya viringi vya kugongea. Beringi ikilala kwenye friza usiku kucha na hedi ikapashwa tena, huingia karibu kwa uzito wake. Ikihitaji kusukumwa, tumia soketi ambayo kipenyo chake kinagusa ringi ya nje peke yake, au mpe mchongaji wa vyuma wa Nyakato, hapa Mwanza, kipande cha aluminiamu akuchongee. Nguvu ikipita kwenye ringi ya ndani hupitia kwenye gololi, nazo huacha vishimo kwenye njia yake. Beringi hiyo italia kabla hujamaliza oili ya kwanza. Kwa beringi inayoingia kwenye shafti kanuni hugeuka, ukasukuma ringi ya ndani.

Namba iliyochongwa kwenye beringi ya zamani ndiyo ya kununulia. 6003, kwa mfano, ni ya tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 35 na unene 10. Herufi C3 baada ya namba humaanisha nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko kawaida, hivyo usikubali kuambiwa kwamba isiyo na C3 ni sawa tu.

Kilichobaki ni toki, spana inayolia boliti ikifikia kiasi cha kukazwa ulichopanga, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Toki inayopatikana kila duka ni ile ya mraba wa nusu inchi, ambayo nyingi huanzia Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 28. Boliti za milimita 6 za kifuniko cha hedi kwa kawaida hukazwa Nm 10 hadi 12, kwa hiyo toki hiyo haitalia kabla boliti haijakatika au nyuzi za aluminiamu hazijang'oka. Tafuta ya robo inchi, ya Nm 5 hadi 25, hata kama itabidi uiagize Dar es Salaam na kuisubiri kwenye basi, na ufuate kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini yako. Usiitumie kufungulia boliti, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabla ya kuihifadhi, maana springi ikikaa imebanwa hupoteza usahihi.