Kipupwe kinaingia: nini cha kuwafunika watoto, kuanzia ninachokipenda hadi nisichokinunua tena

Masika yakikatika na Juni ikaingia, upepo wa kusi hubadilika. Kwetu hapa Ng'ambo, mjini Unguja, huanza kupenya madirishani usiku mkubwa, na ukiamka kwa adhana ya alfajiri unawakuta watoto wamejikunja kama kamba. Mmoja kavuta shuka lote, mwengine miguu iko nje, mdogo kamkumbatia dada yake. Hapo ndipo kila mwaka mama anapokumbuka kwamba hajanunua kitu.

Ndugu zetu wa bara, hasa wa Njombe na Makete wanakoona sakitu, yaani umande ulioganda, shambani, hushangaa wakisikia Mzanzibari analalamika baridi. Alfajiri ya Julai hapa kipimo hushuka mpaka karibu nyuzi 22 tu. Lakini nyumba zetu zimejengwa ziingize upepo: dirisha la wavu, matundu juu ya ukuta, mlango wa uani hauna kizuizi. Na mtoto aliyezoea joto la kaskazi mwezi wa Februari, nyuzi 22 zenye upepo wa bahari kwake ni baridi kweli. Kikohozi cha kipupwe nimekisikia nyumbani kwangu mwaka baada ya mwaka, sikihitaji mtu anithibitishie.

Nimelea wanne, na katika miaka hiyo nimenunua vizuri na nimenunua vibaya. Nilichokuja kukielewa ni kwamba baridi yetu si ya kutwa. Inaanza kama saa tisa usiku, inaisha saa mbili asubuhi, na mchana mtoto huyo huyo anatoka jasho akicheza. Juu ya hayo hewa yetu ina unyevu. Kwa hiyo kifuniko ninakipima kwa maswali matatu: kinazuia upepo? Kinanyonya jasho? Nikikifua asubuhi, kitakauka kabla ya magharibi? Mpangilio ulio hapa chini umetokana na maswali hayo, si na uzuri wa maua wala unene.

Ya kwanza: blanketi la pamba la mtumba

Hili ndilo ninalolipenda kuliko vyote. Nalisemea lile jepesi, lililofumwa vitundu vitundu kama sega la nyuki, linalofanana na la hospitali. Ukiliona utalidharau, maana unaweza kupitisha kidole kwenye vitundu. Siri yake ndiyo hiyo: vile vitundu vinashika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayotia joto. Juu yake tandaza kanga moja kuzuia upepo, mtoto atalala mpaka asubuhi bila kulipiga teke.

Pamba inanyonya jasho. Mtoto akitokwa na jasho saa nne usiku kabla baridi haijaanza, jasho halibaki mwilini kumgandisha baadaye. Na kwa upepo wa kipupwe, ambao ni mkavu kuliko wa masika, ukilianika saa tatu asubuhi, adhuhuri limekauka.

Tafuta soko la Darajani au la Mwanakwerekwe, na nenda mapema, robota linapofunguliwa. Ukifika saa sita unapata yaliyobaki. Usiamini maneno ya "hili pamba tupu, mama." Angalia kitambulisho kilichoshonwa ukingoni, kama bado kipo, uone kama pamba ni asilimia 100. Kama kimekatwa, dondosha tone la maji juu ya kitambaa: pamba hulinywa, polista huliacha likitelezea. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha kiberiti. Muombe muuzaji ruhusa, chomoa uzi mmoja ukingoni, toka nje ya kibanda uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Niliwahi kumfanyia hivyo kijana mmoja muuzaji, akaniangalia kidogo, kisha akasema: "Basi, mama, wewe chukua lile la chini, lile ndilo lenyewe." Na kweli ndilo lilikuwa lenyewe.

Likunjue lote kabla ya kulipa, uliinue juu lielekee mwanga. Sehemu iliyokonda utaiona. Chunguza pindo na mikunjo kwa ajili ya kunguni, hasa vidoa vidogo vyeusi. Nyumbani lisikae kitandani kabla ya kuroweka kwenye maji ya moto na sabuni, kusuuza, kuanika juani, na kupiga pasi. Sifanyi hivyo kwa kinyaa. Upele na kunguni wakishaingia nyumba ya watoto wanne, kuwatoa ni kazi ya miezi.

Ya pili: doti moja ya kanga, iliyoshonwa pamoja

Hii nilifundishwa na mavyaa wangu, mtu wa Makunduchi. Makunduchi iko kusini mashariki ya Unguja, kusi linatoka baharini na kuwapiga usoni bila kuzuiwa na kitu, kwa hiyo wao baridi wanaijua kuliko sisi wa mjini. Unachukua doti. Unalaza vipande viwili kimoja juu ya kimoja, unashona pembe nne na pande tatu, na katikati unapitisha mishono michache ili visitembee. Upande wa nne unauacha wazi. Usiku wa baridi kali unaingiza ndani shuka kuukuu la pamba, na joto likirudi unalitoa.

Tumia kanga zilizokwishafuliwa mara nyingi. Kanga mpya ina wanga, ni ngumu, na rangi yake hutoka. Ukinunua mpya kwa kazi hii, iroweke kwanza kwa maji ya chumvi na uifue peke yake. Chagua ya pamba. Siku hizi zipo nyingi zenye mchanganyiko wa polista, zinang'aa na kuteleza mkononi, bei yake ni ndogo, lakini kwa kujifunikia hazifai.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa watoto wakubwa haitoshi upana, hasa wakilala wawili. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili mpaka mitano naiweka mbele ya blanketi lolote. Ni nyepesi, ina harufu ya mama yake, na gharama ni uzi tu.

Hapa niseme jambo kwa wenye watoto wachanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilazwe na blanketi lililolegea, wala mto, wala kanga iliyotandazwa ovyo, kwani inaweza kumfunika pua. Mvishe nguo mbili za pamba, soksi, umlaze chali. Kofia mvue ndani ya nyumba anapolala. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, gusa kifua au shingo kwa nyuma, si mikono. Mikono ya mtoto mchanga hupoa upesi hata akiwa na joto la kutosha.

Ya tatu: sweta

Nimeliweka la tatu kwa sababu haliwafuniki usingizini, bali linashika zile saa mbili mbaya za kwenda chuo cha Kurani na skuli. Dada yangu wa Wete atanigombeza kwa hili, kwake sweta ni namba moja. Msimu wa karafuu ukiangukia kipupwe, wanatoka alfajiri kwenda shamba na majani yamejaa umande, na mchumaji asiye na nguo ya mikono mirefu anarudi ameloa hadi kifuani. Kwa watu wa Pemba wenye mikarafuu nakubali, sweta lianze.

La mtumba linashinda jipya la dukani mara nyingi. Jipya la bei nafuu hufumuka kwenye mkono kabla ya Agosti. Vuta mkono wa sweta kwa upana kisha uachie: likirudi, zuri, likibaki limepanuka, liache. Tazama kwapani na viwiko. Zipu ifungue na uifunge mara tatu, usione haya. Nunua kubwa kwa mwaka mmoja mbele, kunja mikono. Kwa rangi uliza skuli kwanza, nyingine hawapokei ila rangi ya sare. La sufu halifuliwi kwa maji ya moto, litasinyaa limfae mdoli.

Ya nne: blanketi jepesi la polista

Yale laini yanayouzwa yamekunjwa kama taulo, yenye vikatuni. Watoto wanayapenda sana, na sikatai, linakauka haraka na linafungika kwenye mkoba wa safari. Lakini halinyonyi jasho, na baada ya kufuliwa mara kadhaa linatoa vijidonge na upepo unapita. Nilinunua moja, nalitumia kwenye boti ya kwenda Pemba, kwani kusi likivuma bahari inachafuka na kule juu kuna baridi. Kitandani silitandiki peke yake. Chini yake lazima iwepo shuka ya pamba.

Ya mwisho: blanketi zito la mfuko wa zipu

Najua wengi wanalo, na wengi wamepewa harusini. Lina simbamarara au mawaridi makubwa, limekaa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, ukiligusa mkono unazama. Nililinunua mwaka niliojifungua wa pili, kwa pesa ambayo ingetosha mablanketi matatu ya pamba na sweta juu yake. Mtoto alikuwa akiloa jasho kabla ya usiku wa manane, analitupa, halafu upepo wa saa kumi unamkuta na fulana mbichi. Wiki ile ile akakohoa. Nilipolifua nilihitaji mtu wa pili wa kulikamua, likakaa kambani siku mbili, na katikati bado bichi. Msimu ulipokwisha nikalirudisha mfukoni na kulifungia. Nilipolifungua tena lilikuwa na madoa ya kuvu na harufu iliyomfanya mwanangu mwenye pumu apige chafya papo hapo.

Kama unalo tayari, usilitupe. Litandike chini, juu ya godoro, ulifunike kwa shuka. Hapo linafanya kazi nzuri, hasa godoro likiwa sakafuni. Baridi ya saruji inapanda kwa chini, na akina mama wengi tunahangaika na cha juu tu. Kama hunalo, mkeka wa ukili chini ya godoro unasaidia kuliko unavyodhani. Na blanketi hilo usiliweke kwenye plastiki. Litie ndani ya foronya kuukuu pamoja na konzi ya karafuu kavu, uliache lipumue.

Kabla hujatoa pesa

Sogeza kitanda kutoka dirishani. Tundika pazia zito, au hata kanga mbili, upande unaotazama kusini. Hilo peke yake limenipunguzia nusu ya tatizo. Chandarua pia kinakata upepo kidogo, na mbu hawana likizo.

Lakini usiingize jiko la mkaa chumbani kupasha joto ukafunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hata mkaa uliobaki majivu mekundu, utoe nje. Chetezo cha ubani nacho kimalize kazi yake mapema, na kisiingie kabisa kwenye chumba cha mwenye pumu.

Chupa ya chai

Siyo kifuniko, lakini siwezi kuzungumzia kipupwe bila hiyo. Asubuhi ya Julai mtoto akinywa kikombe cha chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, yenye tangawizi na iliki, na boflo lililopakwa siagi, anatoka mlangoni uso umechangamka.

Ya kioo ndani inashika moto vizuri na ni rahisi, ila ikianguka mara moja imekwisha. Ya chuma cha pua ni ghali, lakini kwa nyumba yenye watoto nainunua hiyo. Ya kioo itikise kwanza dukani sikioni, usikie kama kuna kitu kinachogongana. Kisha tazama ndani, ung'avu wake uwe mzima bila mabaka. Aina yoyote, muombe muuzaji maji ya moto. Jaza, funga, zunguka maduka mengine kwa muda wa nusu saa, urudi uguse ubavu wake kwa nje. Ikiwa ya baridi, lipa. Ikiwa ya vuguvugu, joto linatoka, mrudishie. Muuzaji anayekataa kipimo hiki, mimi huondoka.

Nyumbani isuuze kwa maji ya moto kabla ya kutia chai, la sivyo chai ndiyo itakayoipasha chupa. Na usilaze chai ya maziwa humo usiku kucha. Itaharibika, na harufu yake hukaa kwenye kizibo wiki nzima. Tia ya mkandaa, maziwa uyachemshe asubuhi.

Mwaka huu nimeanza kununua Mei, mvua bado zinanyesha na watu hawajakumbuka sweta. Nimepata mablanketi mawili ya pamba na sweta la mdogo. Kanga za bibi yao nimezishona upya. Ndizo zitakazokwenda Makunduchi mwezi wa Julai tukienda kwenye sikukuu ya Mwaka Kogwa, kwa sababu kule tunalala wengi kwenye ukumbi mmoja, na yule mdogo hakubali kulala na nyingine.