TAHADHARI: Muuza betri za taa za dagaa, Mwaloni Kirumba

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa wenye mitumbwi ya dagaa, someni hili na mwambieni na walioko mwaloni.

Majuma mawili yaliyopita, mbalamwezi ikiwa kali na mitumbwi imepumzika, kijana mwenye bajaji na spika alifika Kirumba akiuza betri za taa za kuvulia. Siku hizo wavuvi wako nchi kavu wanajiandaa na giza, naye analijua hilo. Dada yangu alinunua mbili kwa Sh160,000. Giza lilipoingia, saa sita usiku taa zikafifia, mtumbwi uko mbali, vijana wakarudi na ndoo mbili tu. Asubuhi nikaona kona ya stika ya betri imenyanyuka. Nikaivuta kwa ukucha. Ya juu inasema 20Ah, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Chini yake kuna nyingine: 7Ah.

Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo nilimwomba dada anisimulie maneno ya yule kijana kama alivyoyasema. Bajaji atabadilisha, bidhaa atabadilisha. Ulimi ni uleule.

Alianza na salamu ya Kisukuma, "Mwadila mayu!", kisha kila sentensi ikawa "sisi watoto wa ziwa". Akaja na takriri, yaani kurudiarudia neno: "Karabai ilikula mafuta, ilikula usingizi, ilikula faida!" Hapo hakusema uongo, kila aliyevua kwa karabai anajua, na ndiyo maana watu waliitikia. Akauliza, "Nani hapa hataki mwanawe asome?" Nani atanyoosha mkono? Mzee mmoja akapaza sauti kwamba yake ina mwaka na haijamsumbua. Jioni mzee huyo alionekana ndani ya bajaji ileile.

Dada akauliza swali zuri kabisa: "Ina waranti ya miezi mingapi?"

Akajibiwa: "Mama, ulipomzaa mwanao ulipewa waranti?"

Watu wakacheka. Dada akaona haya, akatoa hela. Naumia sana hapa, maana dada hakuwa mzembe. Aliuliza, akanyamazishwa kwa swali balagha, lile lisilotaka jibu, mbele za watu. Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema mtu hushawishi kwa njia tatu: kuaminika kwake, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Kijana huyu alitumia mbili za kwanza hadi watu wakasahau kudai ya tatu. Methali na takriri si dhambi, hata mimi nawafundisha wanafunzi wangu. Lakini ukiuliza miezi mingapi, jibu ni namba. Ukipewa methali, kichekesho au swali jingine, rudia swali lako kwa sauti ileile. Wakicheka, waache wacheke.

Akisema "zimebaki nne tu", mwambie awashe taa kwa betri hiyo hadi alfajiri ndipo ulipe. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Pitisha ukucha kwenye kona za stika.

Nasikia ameonekana Igombe na Kayenze, na giza lingine haliko mbali. Kama ulinunua kwake, usitupe betri wala usibandue stika, ipige picha. Jumatatu saa tatu asubuhi mimi na dada tunakwenda polisi, kisha tutaandikia Tume ya Ushindani kuhusu bidhaa bandia. Tukiwa wengi wenye stika mbilimbili itakuwa vigumu kwake kusema ni bahati mbaya. Tutakutana getini mwaloni saa mbili na nusu.