Simu inayomwandikia baba maneno: miezi mitano barazani Kibokoni

Baba alifanya kazi bandarini Kilindini, hapa Mombasa, miaka 31, katikati ya winchi na makontena, akatoka na pensheni na masikio mabovu. Tulimnunulia mashine ya masikioni. Ikawa yapiga mluzi kila akitafuna, akaifungia kabatini na hajaigusa tena. Tangu hapo nyumbani kwetu mazungumzo yote ni ya kupaza sauti, hata siri. Majirani wajua hadi bei ya samaki tuliyekula.

Huu mwezi wa tano anatumia programu ya simu inayosikiliza watu wakisema na kuyaandika maneno yao papo hapo, kwa herufi kubwa unazoweza kuzisoma bila miwani. Imetoka maabara ya utafiti ya kampuni moja ya Marekani, haina malipo, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Jina silitaji, maana nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu.

Siku iliyonifanya niipende ni ya kliniki. Daktari ni kijana wa bara, Kiswahili chake cha shule, kila neno limesimama peke yake. Niliiweka simu mezani kati yao. Maneno yakaanza kutiririka: kidonge kimoja asubuhi baada ya kula, chumvi upunguze, urudi baada ya wiki sita. Baba alisoma kimya kama asomaye barua, kisha akauliza swali lake mwenyewe, la kwanza bila mimi kuwa mkalimani: je, achari pia ni chumvi? Mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nikimjibu daktari kwa niaba yake, na achari sikuwahi kuitaja.

Jambo jingine zuri: unaweza kuiandikia jina lako, na mtu akilitamka simu inatetemeka. Baba huiweka mfuko wa kanzu. Ukimwita "Mzee!" kutoka mlango wa nyuma anageuka. Mama bado hajalizoea hilo.

Sasa barazani. Jioni marafiki zake hukaa pale nje, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, na lugha inayozungumzwa ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, si Kiswahili cha taarifa ya habari. Hapo ndipo mashine ilipopotea. Mmoja alisema "kitwa chaniuma", yaani kichwa. Simu ikaandika "kitu chaniuma". Baba akaruka kutazama chini ya mkeka: "Kitu gani? Tandu?" Mwingine alikuwa akieleza nyumba inayouzwa Ndia Kuu (ndia kwetu ni njia), mtaa ambao hata kibao chake kimeandikwa hivyo, na mashine ikampeleka India. Neno moja tu ilipata, "ndoo hapa", yaani njoo, nalo kwa bahati. Nadhani yenyewe ilifikiri tunazungumzia ndoo ya maji.

Nilitaka kujua kwa nini. Programu hizi hazisikii kama sikio lisikiavyo. Hukisia neno kwa kulinganisha sauti na maneno ziliyokwisha kufundishwa, zikitazama na majirani zake kwenye sentensi. Neno lisilozoeleka husukumwa pembeni na lile linalofanana nalo lililo maarufu zaidi. Na maabara za makampuni zimehangaika na jambo hili siku nyingi. Mwaka 1952 Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, waliunda Audrey, mtambo wa kimo cha mtu uliotambua tarakimu tu, tena vizuri zaidi ukisemeshwa na mtu uliyemzoea. Mwaka 1962 kampuni ya kompyuta ya IBM walionyesha mtambo wao Shoebox kule Seattle, Marekani: ulitambua maneno 16, ya Kiingereza. Barazani kwetu maneno 16 huisha kabla kahawa haijamiminwa. Kisha 2022 kampuni ya OpenAI wakatoa Whisper, programu ya kugeuza usemi kuwa maandishi, iliyofundishwa kwa saa 680,000 za sauti, karibu thuluthi mbili zikiwa za Kiingereza. Hebu katika hizo zilizobaki nitafutie mzee wa Mji wa Kale mwenye tambuu shavuni.

Cha kuchekesha, na kinachoniudhi pia, ni kwamba mkutano uliochagua Kiunguja cha Zanzibar, si Kimvita chetu, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, mwaka 1928. Tulishindwa tukiwa kwetu. Mashine imeyakuta matokeo tu.

Lakini wazee hawakuikasirikia. Walianza kubadilika wao. Mwezi wa pili wa kuitumia nilimsikia rafiki ya baba, mtu ambaye maisha yake yote husema "yuwaja", akiinamia simu na kutamka polepole, "A-na-ku-ja kesho." Wenzake wakamcheka, wakamwita mtangazaji. Wiki iliyofuata wote walikuwa watangazaji. Baba anaelewa zaidi, ndiyo, na kwa hilo nashukuru. Ila mizaha imepungua, maana mzaha wa Kimvita ukiutia usanifu huwa kama biriani isiyo na masala. Mzee mmoja tu amekataa katakata. Huuliza kila akifika, "Huyo aliye ndani ya simu ni nani, na yuampelekea nani maneno yetu?" Simu huwekwa mbali naye, na baba humsoma midomo.

Kwa anayetaka kuijaribu: iweke karibu na msemaji, umbali wa mkono mmoja hivi, usiiache katikati ya watu sita. Wakisema wawili kwa pamoja unapata uji. Tuktuk ikipita, sentensi imekwenda. Adhana ikianza simu hujaribu kuiandika na kutoa vioja, basi baba huifunika kwa kofia yake mpaka iishe. Kwetu bando likiisha maandishi husita, na betri haivuki saa ya magharibi usipoichaji adhuhuri.

Mpwa wangu alituonyesha Common Voice ya Mozilla, ambako mtu husoma sentensi zilizoandikwa na kuchangia sauti yake ili mashine zifunzwe, na wachangiaji wengine huisikiliza na kuipigia kura. Ijumaa tulimkalisha baba mbele ya kompyuta. Alivaa kanzu safi kama mtu anayepigwa picha. Sentensi ya tatu ilikuwa na neno "njia", naye akaisoma kwa sauti ya bandarini: "ndia". Nikamwambia, baba, hapo pameandikwa njia. Akaitoa simu mfukoni, akangoja maneno yangu yatokee, akayasoma, kisha akanitazama.

"Nami nimesemani?"