Sakafu na bafu za mtindo wa Skandinavia: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Mtindo wa Skandinavia ulitoka kwenye nchi ambazo jua la Desemba huchungulia kwa saa chache tu kisha likazama. Sakafu zao huwa nyeupe-nyeupe, rangi ya mchanga au ya asali iliyofifia, ili mwanga kidogo unaopita dirishani usambae chumbani. Usambae, si umeremete. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea: wanachagua rangi sahihi kwenye sampuli, kisha wanakubali uso wa kung'aa. Sakafu nyeupe inayong'aa hurudisha taa kama kioo na huonyesha kila alama ya unyayo. Kabla ya kuuliza rangi, muulize muuzaji kipimo cha mng'ao. Kikizidi 10, endelea kutafuta.

Kati ya sakafu zote zinazouzwa kwa jina hili, tunaiweka mbele mbao ya mwaloni ya tabaka: juu mwaloni halisi, chini plaiwudi au mbao laini zilizopishanishwa nyuzi. Mpishano huo ndio unaoizuia kujikunja hewa inapobadilika. Unene wa jumla huwa kati ya milimita 14 na 21, lakini namba ya kuangalia ni ya lile tabaka la juu. La milimita 3 hadi 6 litapigwa msasa zaidi ya mara moja maishani mwake. La milimita 1 halipigiki. Likichubuka umeuona mwisho wake. Tazama ubao kwa upande, pale penye ulimi, yaani ukingo uliochomoza unaoingia kwenye ubao wa jirani: tabaka linaonekana kwa macho, na sehemu iliyo juu ya ulimi ndiyo pekee utakayoweza kuisugua.

Mwaloni ukipakwa mafuta yasiyo na rangi hugeuka njano, na jua huuzidishia. Ukitaka ubaki kama mti uliopasuliwa leo, chagua mafuta yenye chembe nyeupe ndani yake. Yapakwe membamba sana, yasuguliwe, kisha yanayobaki yafutwe yote kabla hayajaanza kushika. Yakiachwa kwenye vidimbwi hukauka nje na kubaki ulimbo ndani, na vumbi hunasa hapo. Jambo moja lisipuuzwe kabisa: vitambaa vilivyolowa mafuta ya aina hii, vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa, vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Denmark wana njia ya zamani zaidi: mbao laini kama msonobari hupakwa maji ya magadi ili zisigeuke njano, kisha huoshwa kwa sabuni iliyoparuzwa vipande vidogo vyembamba na kuyeyushwa majini. Sabuni huingia kwenye vinyweleo vya mbao na kujenga kinga pole pole, kila unapopiga deki. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji safi ya kusuuzia tambara. Ukitumia moja unarudisha uchafu sakafuni. Hakuna uso unaopendeza mguu mtupu kuliko huu. Lakini ni kwa nyumba inayokubali kudeki na kuona madoa ya kahawa yakififia taratibu. Magadi yaliyotengenezewa msonobari yasiguse mwaloni: mwaloni una tanini, ile kemikali ya asili ya mti, kwa hiyo utageuka kahawia. Na sufi ya chuma ikiachwa juu ya mwaloni uliolowa huacha doa jeusi kama wino.

Lamineti, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa wenye picha ya mbao juu, ikiwa nzuri inafaa vyumba vya kulala, ila fungua paketi tatu na kuzipanga chini kabla hujalipa. Picha ya kifundo kilekile ikirudi kila ubao wa nne, jicho litaigundua wiki ya kwanza. SPC, ile ya vumbi la mawe na plastiki, haiogopi maji na ni nyembamba. Chagua yenye tabaka la kinga la milimita 0.5 au zaidi. Tatizo lake ni joto: nyuma ya kioo kikubwa kinachopigwa na jua hupanuka, viungo vikainuka.

Sehemu ya chini ndiyo inayoamua yote haya. Weka rula ya mita 2 juu ya zege. Nafasi chini yake ikizidi milimita 3, sawazisha kwanza, la sivyo ubao utadunda kila ukikanyagwa na kufuli la kiungo litavunjika. Pima unyevu wa saruji kwa kipimo cha kabaidi, ambacho huchanganya kipande cha saruji iliyosagwa na kabaidi na kusoma gesi inayotoka: usizidi asilimia 2, au 1.8 kama kuna mabomba ya kupasha joto ndani. Kwa sakafu hizo za joto, uso wa mbao usivuke nyuzi 27. Hewa ya chumba ikae kati ya asilimia 35 na 65 ya unyevu. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kwenye kuta zote, nguzo na fremu za milango. Sakafu inayoelea, yaani iliyolazwa bila gundi wala misumari, ikibanwa kwa kabati zito la jikoni upande mmoja na fremu ya mlango upande wa pili, lazima itaumuka katikati. Kwa kiasi, ongeza asilimia 10 ya eneo kwa mbao zilizonyooka na 15 kwa mpangilio wa mifupa ya samaki: chumba cha mita 4 kwa 5 kinataka mita za mraba 22 au 23. Namba ya toleo kwenye paketi zote iwe moja.

Bafuni mambo ni mengine. Uswidi na Norwe huhesabu sakafu nzima ya bafu kuwa eneo la maji, si pale penye bomba la mvua tu, na huo ndio mpango wa kuiga hata kabla ya rangi ya vigae. Utando wa kuzuia maji upakwe mara mbili, tabaka la pili likikatiza la kwanza, kona zote zikiwa na mkanda. Ukikauka, ziba tundu la maji, jaza maji sentimita chache, weka alama ya penseli ukutani na usubiri saa 24. Fundi anayekataa jaribio hili asipewe kazi.

Mteremko wa kuogea uwe sentimita 2 kwa kila mita. Hapa vigae vikubwa vya 60 kwa 60 hugombana na tundu la katikati, kwa sababu sakafu inateremka pande nne na kigae hakipindi. Utalazimika kukikata mshazari kama bahasha. Ama weka mfereji mrefu kando ya ukuta ili mteremko uwe wa upande mmoja, ama tumia vigae vidogo vya 5 kwa 5. Vile vidogo vina faida nyingine: viungo vingi huzipa nyayo mshiko. Kigae chochote cha kuogea kiwe daraja B la kuzuia kuteleza kwa mguu mtupu. Wakati wa kubandika, mwambie fundi ang'oe kimoja kibichi: gundi ionekane mgongo mzima, maana mapengo ndiyo yanayopasuka na kuhifadhi maji. Grauti, yaani ile saruji ya viungo, iwe ya kijivu cha mchanga. Nyeupe safi sakafuni haibaki nyeupe.

Maikrosimenti, yaani saruji laini inayopakwa nyembamba bila viungo, tunaipa alama za chini kuliko sifa zake. Ukutani ni nzuri mno, haina kiungo hata kimoja. Kwenye sakafu ya kuogea, unene wake wa milimita 2 au 3 hufuata kila ufa wa chini yake, na uzima wake uko kwenye tabaka la juu la kinga. Maji yakiacha mabaka meusi yanayochelewa kukauka, kinga imekwisha na inatakiwa kupakwa upya. Terazo, yaani saruji iliyochanganywa chembe za mawe kisha ikasuguliwa, hudumu zaidi, lakini yenye chembe za marumaru haivumilii siki wala limau.

Mabomba meusi yasiyong'aa huchaguliwa na kila mtu. Maji magumu huacha chokaa nyeupe juu yake, na asidi ya kuondoa chokaa ndiyo inayokula rangi. Kama maji yako huacha ukoko kwenye birika, chukua chuma cha pua kilichosuguliwa, au rangi iliyowekwa kwa njia ya PVD, ambapo mvuke wa metali hugandishwa juu ya bomba ndani ya chombo kisicho na hewa. Na kila kona, ukuta unapokutana na sakafu, iwe ya silikoni, kamwe si grauti: pale nyumba hucheza, na grauti haichezi.