Mkopo Usiojua Mwezi: Nilivyokopa kwa Kikundi Kuuza Omena

Nauza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, sokoni Luanda, ile Luanda ya Vihiga kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, si Luanda Kotieno ya kupandia feri. Kina mama wenzangu wameniuliza sana kama wajiunge na mkopo wa kikundi wa ile taasisi inayokuja kanisani kwetu kila Jumanne. Jina lake siliandiki, bado wameshika akiba yangu. Nawapa nyota tatu kati ya tano.

Nyota ya kwanza ni ya kuniamini. Sina shamba lenye cheti kwa jina langu, na benki ya mjini ilikwisha kuniambia nirudi nikiwa na dhamana. Hawa walitaka watu 15 wanaojuana, kitambulisho, na akiba ya shilingi 100 kila wiki kwa wiki nane. Dhamana ni sisi kwa sisi. Afisa alitueleza kwamba mtindo huu ulienea kutoka Bangladesh, kwa Muhammad Yunus na Grameen Bank waliopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Tukapiga makofi.

Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa 15,000, katikati ya Februari. Wakakata 650 za fomu, bima na kitabu, simu ikaingia 14,350. Nikanunua magunia mawili ya omena kutoka ufuo wa Usenge kwa 6,000 kila moja, nauli ya mzigo kupitia Bondo 600, na turubai la 1,500. Hilo turubai pekee lilistahili mkopo. Zamani mvua ya saa tisa ikinyesha nilikuwa nabeba karai nikikimbilia kibaraza cha duka la dawa, na omena ikishalowa hata paka wa sokoni anaiwekea masharti. Sasa nanunua gunia zima badala ya kuokota gorogoro, ule mkebe wa kupimia, kumi kumi kwa mama wa jumla, na kila gunia hunibakishia kama 1,800. Nyota ya pili hiyo.

Ya tatu nawapa kwa sababu hawafichi karatasi. Kilichoandikwa ndicho wanachodai: 1,050 kila wiki kwa wiki 16, jumla 16,800. Lakini hesabu hiyo msiimeze haraka. Wanasema riba ni asilimia 12, na inasikika ndogo. Kufika wiki ya nane nilikuwa nimerudisha nusu, ila riba wanaihesabu kana kwamba 15,000 zote bado ziko kwenye kibeti changu. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifungua macho, kwa penseli, nyuma ya daftari la kemia.

Sasa nije kwenye nyota zilizopotea. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Taa ikielea juu ya maji, omena hukusanyika chini yake. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi, na mashua nyingi hulala ufuoni. Gunia la 6,000 linapanda hadi 9,500 ukilipata. Kwa hiyo mimi nina wiki za pesa na wiki za kukaa nikifukuza nzi, na kila anayekula samaki wa ziwa hili analijua hilo. Kubwa zaidi, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Mkopo wangu ulitolewa Februari. Piga hesabu mwenyewe wiki ya saba iliangukia wapi.

Nilimwambia afisa, kijana mpole kabisa, kwamba nilipe nusu ya malipo mwezi huo kisha nifidie ziwa likifunguliwa.

"Mama, mfumo haukubali."

"Kijana wangu, na samaki hawaujui mfumo."

Alicheka, lakini mkutano haukufungwa. Desturi yao ni kwamba hakuna anayetoka mpaka pesa ya kikundi itimie. Wiki ya tisa mwenzetu mmoja hakuja, alikuwa na mtoto hospitalini, tukakaa kwenye mabenchi hadi saa kumi jioni. Mwishowe sisi 14 tulichanga 75 kila mmoja. Yule mama alipopata habari aliona aibu, na hadi leo hupita upande wa pili wa soko. Nyota ya nne na ya tano wamezipotezea hapo, kwa mfumo na kwa mabenchi.

Malipo ya Mei niliyakamilisha kwa kuuza majogoo mawili na kukopa 3,000 kwenye chama chetu cha Alhamisi, tukutanapo chini ya mparachichi. Chama kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, ghali ukikilinganisha na wengine. Ila watatu kati yetu wanauza samaki, hivyo nilipoomba niongezewe wiki mbili hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mwenyekiti alitazama tu juu.

Kuna wanaosema mbona nisitumie Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu. Naitumia tangu ilipoanza mwishoni mwa Novemba 2022. Kwa bei haina mpinzani: asilimia 8 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa siku 14 riba yake ni kama shilingi 3. Shida ni kiwango. Nilianza na 500, asilimia 5 ikaenda akiba, nikabaki na 475. Hiyo ni gorogoro mbili. Nzuri kwa nauli ya dharura, hainunui gunia. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua, ndiyo usiiguse kwa biashara, hiyo ni ya kununulia unga watoto wakilia.

Ukiniuliza kama ujiunge, nitakuuliza kwanza unauza nini. Wa mboga na wa maandazi wanaoona pesa kila siku, nendeni. Mwenye mahindi ya kungoja mavuno afikirie mara mbili. Muuza omena achague tarehe. Mkopo wangu wa pili, 25,000, niliukataa Septemba nikauchukua wiki ya kwanza ya Desemba, ili wiki ya 16 iishe Machi.

Nimeumaliza wiki iliyopita. Juzi afisa amenipigia akinipongeza, ana 40,000 tayari, nisaini Jumanne hii. Nimemwambia anipigie Agosti.