Tukutuku kuukuu uani: wanunuzi wanne wa Dodoma, na yupi umwite kwanza

Pikipiki iliyolala stoo miaka thelathini haikosi mteja Dodoma. Tatizo ni kwamba wanaotangulia kubisha hodi ndio wenye bei mbaya kuliko wote. Tunazungumzia zile tukutuku za zamani za bwana shamba na za misheni: Yamaha DT 175, Honda XL 125, Suzuki A100, na mara mojamoja BSA ya Mwingereza. Haijapigwa rangi upya wala haijafunguliwa injini. Wapo wanunuzi wa aina nne, na hawalingani hata kidogo.

Wa vyuma chakavu tummalize haraka. Anapima kwa kilo. DT 175 ina uzito wa karibu kilo 100, kwa hiyo uliza bei ya kilo ya siku hiyo, zidisha kwa mia, na hiyo iwe bei ambayo hushuki chini yake hata iweje. Zaidi ya hapo hana kazi.

Fundi anayenunua ili apate spea ni afadhali, maana analipa taslimu na anachukua hata injini iliyokufa. Lakini analipia kabureta, gia na rimu tu. Tanki lenye stika zake za kiwandani kwake ni bati, na hapo ndipo muuzaji anapoliwa, kwa sababu tanki hilo, kava za pembeni na siti yenye kitambaa chake cha mwanzo ndivyo vitu vigumu kuvipata kuliko pistoni.

Dalali tunampa nyota mbili kati ya tano. Sifa yake ni kasi: leo umempa picha, kesho ana watu watatu. Kasoro yake ya kwanza ni cha juu, ambacho hutaambiwa ni kiasi gani. Kasoro ya pili ni mbaya zaidi: anapenda "kuisafisha". Atapulizia injini rangi ya silva, atapaka kiwi kwenye plastiki, atavalisha siti kava jipya la bodaboda. Kwa mnunuzi wa kawaida inang'aa. Kwa mkusanyaji wa pikipiki za zamani, silva kwenye injini ni alama ya kwamba kuna kinachofichwa, ama uvujaji wa oili, ama bloku iliyochomelewa, na gharama ya kuibandua rangi hiyo ataikata kwenye bei yako, si kwenye cha juu cha dalali.

Anabaki mkusanyaji, na huyu ndiye wa kumwita kwanza. Nyota nne. Tumemnyima ya tano kwa sababu ni mwepesi wa kuuliza na mzito wa kulipa. Maswali yake yanaweza kuchukua wiki tatu. Pia wapo madalali wanaojiita wakusanyaji. Kuwatambua ni rahisi: dalali anaanza na "bei ya mwisho ngapi?", mkusanyaji anaanza na namba ya fremu.

Namba hizo basi ziwe tayari. Ya fremu kwa kawaida imegongwa kwenye bomba la shingo, pale usukani unapopita. Ya injini iko kwenye ubavu wa kasha la injini. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, paka chaki nyeupe, futa juu juu, namba itasomeka na picha itatoka vizuri. Usitumie msasa wala brashi ya waya. Namba iliyosuguliwa inafanana na namba iliyochezewa, na hakuna maelezo yatakayomridhisha mtu baada ya hapo.

Hizo namba pia ndizo zinazokata hadithi. Kila pikipiki kuukuu ya upande wa Kongwa ina mzee wa kuapa kwamba ililetwa na Mpango wa Karanga, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga. Mpango ule ulianza 1947 ukafa 1951, na kampuni ya pikipiki ya Yamaha ilianzishwa 1955. BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa 1948, inaweza kubeba hadithi hiyo, lakini DT haiwezi. (Ajabu ni kwamba Bantam na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1, zote zimeiga pikipiki moja ya Kijerumani, DKW RT 125.) Kama huna barua, picha ya zamani au kadi inayothibitisha, iache hadithi.

Hali ya hewa ya Dodoma ni mtaji, useme wazi. Ukavu wetu unaacha chuma ambacho Tanga au Dar kingeshaliwa na kutu. Ila jua na ukavu huohuo ndio unaoua mpira. Angalia mpira unaounganisha kabureta na injini: ukiukunja na ukaonyesha nyufa, injini itavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, petroli itakuwa chache, joto litapanda na pistoni itashika. Kwenye DT, ambayo ni ya stroku mbili, sili za krenki zilizokauka zinaleta balaa lilelile, na hizo hazionekani kwa nje.

Ndiyo maana pikipiki isiyojulikana mara ya mwisho iliwaka lini haipigwi kiki kwa pupa. Fungua plagi, mimina vijiko viwili vya oili kwenye silinda, iache siku mbili au tatu. Kisha ingiza gia ya juu na uzungushe tairi la nyuma kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikikataa, ongeza oili na siku. Wanaolazimisha kwa kiki huvunja ringi kwenye tundu la ekzosi, au meno ya gia ya kiki yenyewe. Ikizunguka, inatosha: "inazunguka, haijawashwa" ni maelezo ya heshima na mkusanyaji anayaelewa. Ukitaka kuiwasha kabisa, mwaga petroli yote ya zamani, na kwa DT usiiamini pampu yake ya oili siku ya kwanza, kwa kuwa mpira wake huwa umejaa hewa. Changanya oili ya stroku mbili kwenye petroli yenyewe, mililita 40 kwa lita moja. Video ya kuiwasha utakayomtumia mkusanyaji ianze na mkono wako ukishika injini, aone ni ya baridi.

Usafi ni ndoo ya maji, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini. Basi. Presha ya kuoshea magari inaingiza maji kwenye beringi na inang'oa stika. Mafuta ya taa yanayeyusha gundi ya stika hizohizo. Na ile mbinu ya kutia kokoto ndani ya tanki na kulitikisa ili kutu itoke inabonyeza bati na kubandua rangi ya nje. Tanki lenye kutu ndani mwachie mnunuzi, mpigie picha tu kwa tochi.

Picha zifike ishirini hivi: pande zote mbili, namba, saa ya mwendo, chini ya siti, chini ya tanki, waya. Waya hasa, kwa sababu mafundi wetu wengi hukata na kuunga wanapohamisha mfumo wa volti 6 kwenda 12. Kama imefanyiwa hivyo, sema. Kama kabureta ni ya Boxer badala ya Mikuni iliyokuja nayo, sema pia, na kama Mikuni bado iko kwenye kopo stoo, hiyo iende na pikipiki, usiiuze kando. Piga saa moja asubuhi, kabla jua halijaanza kuunguza rangi, na utume WhatsApp kama dokumenti ili zisififie.

Karatasi ndipo biashara nyingi zinapofia. Pikipiki iliyowahi kuwa na namba ya STK, SU au DFP (ya serikali, shirika la umma au mradi wa wafadhili) inataka hati ya mnada na stakabadhi ya malipo, la sivyo mkusanyaji makini atakimbia. Mwenye kadi akiwa marehemu, muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa. Kadi imepotea? Anza na taarifa ya upotevu polisi, kisha TRA. Wewe na mnunuzi muwe na TIN, mkataba wa mauziano upite kwa wakili, na uhamisho wa umiliki mkauanze siku hiyohiyo. Jina likibaki lako, makosa ya barabarani nayo yanabaki yako.

Mtu wa Dar siku hizi hana kisingizio cha kununua kwa picha tu: treni ya SGR inamleta asubuhi na kumrudisha jioni. Aje, aguse, alipe. Asiyeweza kuja atoe kishika uchumba kisichorudishwa, na picha za ziada apewe baada ya hapo.

Siku ya kupakia, mwaga petroli, toa betri. Pikipiki isimame, isilazwe. Kamba ipite kwenye fremu, si kwenye usukani wala shokapu, na popote inapogusa tanki weka blanketi kuukuu chini yake. Tingo atakuambia haina haja, ila hadi lori lifike Morogoro kamba itakuwa imeshasugua stika yote ya upande mmoja.