Vichezeo vya sayansi nilivyomnunulia binti yangu: uzoefu wangu wa miaka miwili

Kichezeo cha kwanza kilikuwa roboti. Niliinunua wiki moja kabla ya Krismasi, katika duka moja la vichezeo hapa Nairobi, kwa shilingi 4,500. Boksi lilisema inafundisha sayansi na teknolojia kuanzia miaka 6. Ukibonyeza rimoti inacheza densi, inaimba, macho yanawaka buluu. Binti yangu alikuwa na miaka 9, Januari ile angeingia Gredi ya 4, na aliishangilia kwa siku tatu. Siku ya nne akaniuliza, "Mama, ndani kuna nini?" Nikatafuta bisibisi tuifungue. Haikuwa na skrubu hata moja. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi pande zote.

Swali lile ndilo ninaloingia nalo dukani siku hizi: je, hiki kitu kinafunguka?

Rimoti nayo ilinitia hofu ambayo sijaisahau. Kifuniko chake cha betri kilifunguka kwa ukucha tu, na ndani mlikuwa na betri bapa ya mviringo, CR2032, yenye upana wa milimita 20. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka 2. Nilimkuta ameishika mkononi, anaigeuzageuza. Betri kama hiyo ikikwama kwenye umio wa mtoto, unyevu wa mwilini unaupa umeme njia ya kupita, na hapo inapogusa nyama panatokea kemikali kali inayounguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Mtoto akiimeza, usimtapishe, wala usikae kungoja uone kama ataugua. Mkimbize hospitali hata kama anacheka. Nilirudi dukani na risiti yangu, nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Tangu hapo sinunui kichezeo ambacho kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu. Zile sumaku ndogo zenye nguvu nazo haziingii kwangu, kwa sababu mtoto akimeza mbili huvutana kupitia kuta za utumbo na zinaweza kuutoboa.

Kichezeo cha pili kilikuwa hadubini ya plastiki. Boksi lilijisifu kwamba inakuza mara 1,200. Ukiiweka kwenye kipimo hicho unaona giza na ukungu, kwani lenzi za plastiki na kibalbu kidogo haviwezi kazi hiyo. Hata hadubini nzuri ya maabara inayotumia mwanga huishia hapo karibu na 1,000 au 1,500, tena kwa lenzi ya kioo na tone la mafuta. Nilikasirika, nikataka kuitupa. Binti yangu ndiye aliyeirudisha kwenye lenzi ndogo kabisa, ya mara 100, akabandua ngozi ile nyembamba ya ndani ya kitunguu na kuiweka kwenye kioo. Seli zilijipanga kama matofali ya ukuta. Tulipodondoshea tone la ayodini, ile ya kupaka vidonda, kiini cha kila seli kikajitokeza kama nukta ya kahawia. Jioni ile hatukupika mapema.

Baadaye tulijaribu jani la sukuma wiki. Unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, unaiacha ikauke, unaibandua kwa selotepu, kisha unaibandika kwenye kioo. Vile vitundu ambavyo jani hupumulia vinaonekana vimechapika kwenye rangi. Kwa hiyo hadubini naipa alama nzuri, ila lebo yake haipati hata moja. Ukienda kununua, usivutiwe na tarakimu kubwa. Uliza kama lenzi ni za kioo, na uombe kutazama kitu hapo hapo dukani.

Ujanja huohuo wa tarakimu uko kwenye darubini za kutazamia nyota. Niliona moja yenye lenzi ya milimita 60 ikitangazwa kuwa inakuza mara 525. Kanuni ya watazamaji wa nyota ni kuzidisha upana wa lenzi kwa milimita mara mbili. Kwa hiyo ya milimita 60 mwisho wake ni kama 120, na zaidi ya hapo ni ukungu. Sikuinunua. Mtaani kwetu ile taa kubwa ya barabarani, mulika mwizi, huzifuta nyota nyingi, lakini Mwezi haiufuti, na jirani yetu ana darubini ya macho mawili ambayo hutuazima. Mwezi ukiwa nusu, mashimo yake yanaonekana vizuri kwa sababu ya vivuli.

Kisha nikanunua seti ya saketi, ile ya vipande vya plastiki vinavyobanana kama vishikizo vya nguo: betri, swichi, balbu, mota yenye feni. Hii ni nzuri kwa mtoto wa miaka 6 au 7, na ningeinunua tena. Lakini kwa binti yangu iliisha haraka. Kila kitu ndani yake kimekingwa ili kisiungue, mtoto anafuata picha kwenye kitabu, na picha zikiisha na mchezo umeisha.

Basi Jumamosi moja nikampeleka barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Tulinunua vitaa vya LED, betri ya volti 9, nyaya na mota mbili ndogo, vyote kwa pesa ambazo hazikufika robo ya bei ya roboti. Nyumbani akaunga LED moja kwa moja kwenye betri. Ikamulika mara moja, ikafa. Alilia kidogo. Jumamosi iliyofuata tukarudi, akamwonyesha fundi ile maiti yake. Fundi akamwambia, "Mami, umeifungulia mfereji wote." Akachukua kalamu, akamwandikia kwenye kipande cha boksi: betri volti 9, LED nyekundu inatumia kama 2, zinabaki 7. Mkondo unaotakiwa ni ampea 0.02. Saba gawanya kwa 0.02 ni omu 350. Akampa rizista, kile kifaa kidogo cha kubana mkondo, ya omu 470, ile yenye mistari ya manjano, zambarau na kahawia, akasema heri ipungue mwanga kidogo kuliko iungue. Binti yangu ameibandika karatasi ile ukutani juu ya kitanda chake. Kwa maoni yangu, kile kipande cha boksi kimemfundisha kuliko vitu vyote nilivyowahi kumnunulia.

Alipofika miaka 10 nikamletea micro:bit, kibao kidogo cha kompyuta kilichotoka Uingereza, ambako mwaka 2016 kilianza kugawiwa bure kwa wanafunzi wa Mwaka wa 7. Kina vitaa 25, vitufe viwili, na kinajua kikiinamishwa. Programu yake ni bure, unaweza kupanga amri kwa vipande vya rangi kabla hujafika kuandika kwa Python, lugha ya kompyuta, na tunatumia simu yangu kwa Bluetooth. Kinataka betri mbili za AAA tu, yaani volti 3. Usithubutu kukiunga na ile ya volti 9.

Mradi wake wa kwanza ulikuwa wa gunia letu la sukuma wiki: misumari miwili kwenye udongo, nyaya mbili, na namba inayopanda udongo ukiwa na maji. Wiki ya pili misumari ikashika kutu na namba zikaanza kudanganya. Alihangaika siku kadhaa, kisha akabadilisha programu ili umeme upite wakati wa kupima tu, misumari isiliwe haraka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa ana miaka 11 na anajenga gari la waya, kama yale tuliyoyasukuma sisi utotoni, ila lake anataka lijiendeshe. Mota inazunguka kasi mno na magurudumu ya vifuniko vya chupa yanateleza. Jana usiku ameniachia karatasi mezani: lastiki, gurudumu dogo la meno kutoka kwenye mashine ya DVD iliyokufa, swichi moja. Chini ameandika, "Jumamosi, Luthuli, tafadhali."